Moggallana: mwenye karama kuliko watawa wote wa Buddha, na pale karama zake zilipogota

Mwanzisha uzi:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma habari za wanafunzi wa mwanzo wa Buddha, na kila ninapozirudia namkuta mtu mmoja ambaye sijaona akielezwa kwa kirefu katika lugha yetu. Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabuddha, jina lake ni Moggallana, kwa Kisanskriti ni Maudgalyayana. Maandiko yanamtaja kuwa wa kwanza miongoni mwa watawa wote kwa nguvu za ajabu, na masimulizi ya uwezo wake ni mengi mno. Hata hivyo, visa vikubwa vinavyomhusu, viwe vya Sri Lanka au vya China, vinafika mahali ambapo nguvu hizo hazimfai kitu. Siamini kwamba jambo hili limetokea kwa bahati, na ndilo ninaloomba tulijadili.

Alizaliwa takriban karne ya 5 kabla ya Kristo katika kijiji cha Kolita, karibu na Rajagaha, mji mkuu wa ufalme wa Magadha, sehemu ambayo leo ni jimbo la Bihar nchini India. Hadi utu uzima watu walimwita Kolita, kwa jina la kijiji chake. Jina la Moggallana lilitokana na mama yake, mwanamke wa ukoo wa Kibrahmini aliyeitwa Moggali. Masimulizi yanasema kwamba siku hiyo hiyo, katika kijiji cha jirani, alizaliwa Upatissa, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Sariputta, na kwamba familia zao zilikuwa na urafiki wa vizazi saba. Haiwezekani kumsimulia mmoja bila mwenzake, kwa maana walikuwa chanda na pete tangu utotoni hadi mwezi ule ule waliofariki wote wawili.

Rajagaha ilikuwa na tamasha la kila mwaka lililofanyika kilimani, lenye michezo na maigizo. Vijana hawa walikuwa wa familia zenye uwezo, wakatengewa viti vizuri, wakacheka palipochekesha na kutoa zawadi palipostahili zawadi. Ikafika siku wakajikuta wamekaa kimya wote wawili. Kila mmoja alikuwa akiwaza moyoni mwake kwamba kabla ya miaka mia moja kupita, hakutakuwa na hata mmoja aliye hai kati ya wachezaji na watazamaji wale. Ilibidi mmoja amwulize mwenzake kwa nini hana furaha kama jana, ndipo ilipobainika kwamba wazo lao lilikuwa moja. Wakaacha mali na nyumba, wakaenda kutafuta mwalimu atakayewaonyesha kisichokufa.

Mwalimu waliyempata kwanza aliitwa Sanjaya, mtu mwenye wafuasi wengi ambaye, akiulizwa kama kuna maisha baada ya kifo au kama matendo yana malipo, aliteleza kama samaki aitwaye mkunga bila kujifunga kwa jibu lolote. Baada ya muda mfupi walikuwa wameyamaliza yote aliyokuwa nayo. Wakaapizana kwamba atakayetangulia kukiona wanachokitafuta atamwambia mwenzake.

Sariputta ndiye aliyetangulia. Asubuhi moja mjini Rajagaha alimwona mtawa akipita nyumba kwa nyumba na bakuli lake, macho yameinama, hatua zimetulia, akamfuata kwa mbali bila kumkatiza hadi alipomaliza kupokea chakula. Mtawa huyo alikuwa Assaji, mmoja wa wale watano waliosikia hotuba ya kwanza kabisa ya Buddha. Alipoombwa aeleze mafundisho ya mwalimu wake, alisema kwamba yeye bado ni mgeni katika njia hiyo na hawezi kueleza kwa mapana, kisha akatamka beti moja tu: mambo yote yanayotokana na sababu, Tathagata (yaani Buddha) ameeleza sababu yake, na kukoma kwake pia ameeleza, hayo ndiyo mafundisho ya mtawa mkuu. Sariputta akaelewa papo hapo. Aliporudi, Moggallana aliona uso wa rafiki yake umebadilika kabla hajasema neno, akamwuliza kama amekiona kisichokufa; naye akasikia beti ile ile, akaelewa vile vile.

Walikwenda kumsihi Sanjaya aongozane nao, akakataa. Simulizi moja inasema aliwauliza kama duniani wajinga ni wengi au wenye hekima ni wengi, nao wakamjibu kwamba wajinga ni wengi. Akawaambia, basi wenye hekima waende kwa Gotama (yaani Buddha) na wajinga waje kwangu. Wafuasi 250 waliondoka pamoja na marafiki hao wawili. Buddha alipowaona kwa mbali wakija katika Shamba la Mianzi, kabla hawajaketi, aliwaambia watawa wake kwamba wale wawili watakuwa wanafunzi wake wakuu.

Hapa naomba tusiende haraka, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi hulipita wakikimbilia miujiza. Huyu aliyekuja kuwa mwenye karama kuliko wote alianza utawa kwa kusinzia. Alijitenga karibu na kijiji cha Kallavala ili atafakari, akachoka kwa kutembea na kukesha, akawa anaanguka usingizi akiwa ameketi. Mawaidha aliyopewa na Buddha yamehifadhiwa, na ni ya kawaida kabisa, kama ambayo mzee yeyote angemwambia kijana wa masomo. Aliache wazo lile lililomletea usingizi; asipofaulu, ayatafakari mafundisho aliyoyasikia; asipofaulu, ayasome kwa sauti; avute masikio yake na kujisugua viungo; ainuke, anawe macho kwa maji, atazame nyota; autie moyo wake nuru usiku kana kwamba ni mchana; atembee huku na huko. Na yote yakishindikana, alale kwa ubavu wa kulia kama alalavyo simba, akinuia saa ya kuamka. Siku saba tangu alipoingia utawani alifikia ukombozi kamili, wakati Sariputta, mwenye akili nyingi zaidi, alihitaji majuma mawili.

Baada ya hapo ndipo yanapokuja masimulizi ya nguvu zake. Watawa waliokuwa wakiishi katika jumba lililojengwa na mfadhili wao, mwanamke aliyeitwa Visakha, mjini Savatthi walikuwa wazembe na wapiga soga. Buddha akamwomba Moggallana awashtue, naye akalitikisa jumba zima kwa kidole gumba cha mguu mpaka wakatoka nje wakitetemeka. Siku nyingine alihisi tumbo lake limekuwa zito kana kwamba limejaa maharage, akajichunguza, akamtambua Mara, yule mshawishi, amejificha ndani yake, akamwamuru atoke. Ninalolipenda zaidi katika kisa hiki ni kwamba baada ya Mara kutoka, Moggallana alimwambia kuwa katika maisha ya zamani yeye mwenyewe aliwahi kuwa Mara, kwa jina la Dusi, na akamweleza mateso aliyoyapata motoni kwa sababu hiyo. Sijasoma kisa kingine ambacho mtakatifu anamwonya shetani kwa kumwambia kwamba kazi hiyo naye aliwahi kuifanya.

Pamoja na hayo yote, hakupenda kuonyesha uwezo wake ili asifiwe. Tajiri mmoja wa Rajagaha alitundika juu kabisa bakuli la mti wa msandali, akatangaza kwamba mtakatifu atakayeweza kulifikia kwa karama zake alichukue. Mtawa Pindola akamwambia Moggallana kwamba bakuli hilo ni lake; Moggallana akamwambia Pindola alichukue yeye. Pindola akaruka angani akalichukua, umati ukamfuata kwa makelele hadi kwa Buddha, naye Buddha akamkemea, akaagiza bakuli livunjwe, na akapiga marufuku watawa kuonyesha miujiza mbele ya watu wa kawaida.

Sasa tuje kwenye kifo. Wafuasi wa dini nyingine waliona kwamba Buddha anapata heshima na riziki nyingi kwa sababu Moggallana huwaeleza watu waziwazi matendo gani humpeleka mtu peponi na yapi humpeleka motoni. Wakachanga sarafu 1,000, wakawakodi majambazi wamuue mahali alipokuwa akiishi peke yake, penye Mwamba Mweusi katika mlima Isigili, nje ya Rajagaha. Majambazi walipoizingira nyumba mara ya kwanza, alitoka kwa kupita kwenye tundu la ufunguo. Walipokuja tena, alipita juu ya paa. Hali iliendelea hivyo miezi miwili. Mwezi wa tatu alihisi uzito wa tendo lake la kale, wala hakukimbia. Walimpiga mpaka mifupa yake ikawa kama chenga za mchele, wakamtupa nyuma ya kichaka wakidhani amekufa. Naye akajikusanya kwa nguvu ya tafakuri, akaenda kwa Buddha kumuaga, akarudi pale pale Mwamba Mweusi na kufariki.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maelezo haya. Nina maswali mawili. La kwanza: kama alikuwa ameshakombolewa kabisa, tendo la kale lilitoka wapi na lilikuwa tendo gani? La pili linatokana na niliyoyaona mwenyewe. Nilikaa Guangzhou kwa shughuli za biashara, na mwezi wa saba wa kalenda yao nikaona watu wanachoma karatasi na kuweka vyakula kando ya barabara usiku. Mwenye nyumba wangu, mama mtu mzima, aliniambia kwamba asili yake ni mtawa aliyeitwa Mulian aliyeshuka motoni kumtafuta mama yake. Je, huyo ndiye Moggallana huyu?

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, ndiye huyo huyo, na maswali yako mawili yanakutana mahali pamoja.

Tendo la kale, kwa mujibu wa ufafanuzi wa Dhammapada, kitabu cha beti za mafundisho ya Buddha, ni hili. Katika maisha mojawapo ya zamani alikuwa mwana mwema aliyewahudumia wazazi wake vipofu kwa mikono yake mwenyewe. Wazazi wakamwoza, na mke akawachoka wakwe zake, akawa anamnung'unikia mume siku baada ya siku, hadi moyo wa mume ukageuka. Akawapakia wazazi wake kwenye gari la ng'ombe kana kwamba anawapeleka kwa jamaa, na walipofika msituni akasema kuna majambazi, akabadilisha sauti yake, akaanza kuwapiga. Wale wazee wasioona wakapaza sauti wakimwambia mwana wao kwamba wao wameshazeeka, yeye ajiokoe. Naye akaendelea kuwapiga mpaka wakafa, akaitupa miili yao msituni. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na mahali hapo, pale wazazi wanapomlilia mwana anayewaua kwamba akimbie asije akauawa, huwa nalazimika kuweka kitabu chini.

Kuhusu ukombozi, mafundisho yao yanatofautisha mambo mawili. Aliyekombolewa hapandi tena mbegu mpya, na baada ya kifo hazaliwi tena. Lakini mwili alio nao bado ni shamba la zamani, na mbegu iliyokwisha kuiva humo itatoa tunda lake. Kwa hiyo majambazi wale hawakumshinda. Wao pia walilipa: mfalme Ajatasattu alituma wapelelezi, na wauaji wakajitoa wenyewe kilabuni, pale mlevi mmoja alipompiga mwenzake mgongoni na ugomvi ukageuka kuwa mashindano ya kujigamba ni nani aliyetangulia kumpiga Moggallana. Mfalme aliwachoma moto pamoja na wale waliowakodi.

Upande wa kaskazini, yaani katika mapokeo ya China, kuna kisa kinachoieleza hoja hii waziwazi zaidi. Mfalme Vidudabha alipokwenda kuangamiza mji wa Kapilavatthu, nyumbani kwa ukoo wa Buddha, Moggallana aliomba ruhusa aufunike mji mzima kwa kizimba cha chuma. Buddha akamwuliza kama anaweza pia kulifunika tendo lililokwisha kutendwa. Moggallana akakiri kwamba hilo haliwezi, na mji ukaangamia.

Sasa kuhusu Mulian. Wachina wana sutra (andiko takatifu) fupi iitwayo Yulanpen, ambayo kwa mapokeo tafsiri yake huhesabiwa kuwa ya Dharmaraksha wa karne ya 3. Humo Mulian, mara tu alipopata karama, alitazama huku na huko kumtafuta mama yake, akamwona amezaliwa kuwa mzimu wenye njaa, mifupa na ngozi tu. Akampelekea wali katika bakuli lake. Mama alilifunika bakuli kwa mkono wa kushoto ili asinyang'anywe, akachota kwa mkono wa kulia, na kabla tonge halijafika kinywani likageuka kaa la moto. Mulian akalia, akarudi kwa Buddha. Jibu alilopewa ni kwamba dhambi ya mama ina mizizi mirefu na nguvu za mtu mmoja hazitoshi kuiondoa. Inahitajika nguvu ya jumuiya nzima ya watawa, waliokusanyika siku ya 15 ya mwezi wa saba, mafungo yao ya msimu wa mvua yanapokwisha. Awape hao chakula, na mama yake atafunguliwa. Hicho ndicho chanzo cha ulichokiona Guangzhou, na pia cha sikukuu ya Obon ya Wajapani, ambao ngoma yao ya siku hizo husemwa kuwa ilitokana na furaha ya Mulian alipomwona mama yake ameokoka. Na ni chanzo cha Vu Lan ya Wavietnam.

Kwa karne nyingi simulizi hiyo ilikua. Miongoni mwa maandiko yaliyokutwa katika mapango ya Dunhuang, China, kuna nakala ya mwaka 921 inayomfuata Mulian kutoka mlango hadi mlango wa jehanamu akiuliza habari za mama yake, na kila mlango anaambiwa aulize mbele zaidi, mpaka anamkuta katika tabaka la chini kabisa, amepigiliwa kwa misumari 49. Kosa lake lilikuwa nini? Mwana alisafiri kibiashara, akamwachia fedha ili awalishe watawa na maskini. Yeye akazificha, na mwana aliporudi akamwongopea kwamba amefanya yote aliyoagizwa. Hata alipotolewa motoni na Buddha mwenyewe alipitia kwanza hali ya mzimu wenye njaa, kisha ya mbwa mweusi, ndipo akarudia umbo la mtu.

Kwa hiyo kusini, kama Sri Lanka, wanamkumbuka kama aliyewaua wazazi wake katika maisha ya kale, na kaskazini kama mwana aliyempigania mama yake hadi motoni. Ukiziweka simulizi hizi pamoja, mtu mwenye uwezo wa kutikisa jumba kwa kidole gumba anasimama mbele ya mzazi wake, na uwezo wote ule haufiki hata kwenye tonge moja la wali.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kuongeza jambo moja kwa faida ya wasomaji. Katika vitabu vya Kipali kuna kitabu cha visa 51 vya mizimu yenye njaa, na humo mna kisa cha mama aliyeokolewa kwa sadaka, lakini ni mama wa Sariputta kutoka maisha ya zamani. Moggallana yumo kama msaidizi tu. Huenda masimulizi yaliposafiri, rafiki mmoja alirithi kisa cha mwenzake. Swali langu kwa mwanzisha uzi ni hili: mbali na masimulizi, kuna ushahidi wowote wa kuonekana kwa macho kwamba watu hawa waliishi?

Mwanzisha uzi:

Nashukuru sana kwa nyongeza hiyo, na nakubaliana nayo. Kuhusu ushahidi, upo, na binafsi hunigusa kuliko miujiza yote.

Sanchi ni kilima kilichopo karibu na Bhopal, katikati ya India, chenye stupa (majengo ya kuhifadhia mabaki matakatifu) ambazo msingi wake unarudi nyuma hadi zama za mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo. Mwaka 1851 Alexander Cunningham na Frederick Maisey walichimba katikati ya stupa inayoitwa namba 3. Walikuta bamba kubwa la jiwe, na chini yake masanduku mawili ya mawe, kila moja lina maandishi ya Kibrahmi, hati ya kale ya India, kwenye kifuniko. Moja lilisomeka kwamba ni la Sariputta, jingine kwamba ni la Moggallana Mkuu. La Sariputta liliwekwa upande wa kusini, la Moggallana upande wa kaskazini, na Cunningham akatambua sababu yake: mtu akiketi ameelekea mashariki, kusini ni mkono wake wa kulia na kaskazini ni mkono wa kushoto, na ndivyo wawili hawa walivyokuwa wakiketi kila upande wa mwalimu wao. Hadi leo, katika mahekalu ya Sri Lanka, utawaona wamesimama hivyo hivyo, na Moggallana hupakwa rangi ya samawati iliyokolea, kwa kuwa inasemekana ngozi yake ilikuwa nyeusi kama wingu la mvua. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na kikasha cha jiwe laini, na upande wa ndani wa kifuniko mtu alikuwa ameandika kwa wino herufi moja tu: ndani ya kimoja *sa*, ndani ya kingine *ma*. Katika kikasha cha Moggallana mlikuwa na vipande viwili vidogo vya mfupa.

Mabaki mengine ya wawili hao yalipatikana Satdhara, si mbali na Sanchi. Hayo yalipelekwa London, yakahifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, hadi Wabuddha walipodai yarudishwe. Mwaka 1947 yaliondoka Uingereza kwenda Sri Lanka, mwaka 1949 yakapokelewa Calcutta, na Novemba 1952 yakawekwa katika hekalu jipya la Sanchi, Nehru, waziri mkuu wa India, akiwepo. Sitadai kwamba vipande hivyo vinathibitisha kila nilichosimulia. Vinathibitisha kwamba karne chache tu baada ya kifo chao, kuna watu waliokuwa na hakika wanazika nini na wanamzika nani, na waliona haifai kuwatenganisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Swali langu la mwisho, ndugu. Buddha mwenyewe alisema nini alipowapoteza wote wawili?

Mwanzisha uzi:

Sariputta alifariki siku ya mwezi mpevu wa Kattika, mwezi mmoja wa kalenda yao, Moggallana akafuata majuma mawili baadaye, mwezi ulipokuwa gizani. Muda mfupi baada ya hapo Buddha alikuwa Ukkacela, kando ya mto Ganges, ameketi mahali pa wazi kati ya watawa wengi. Aliwatazama wote waliokuwa kimya mbele yake, kisha akasema kwamba mkutano huu anauona kama mtupu, kwa kuwa Sariputta na Moggallana hawapo. Zamani, alisema, haukuwa hivyo. Hakuwa na wasiwasi na upande wowote waliokuwa wakiishi wawili hao. Akawafananisha na matawi makubwa yaliyokatika kwenye mti ambao bado umesimama. Alikuwa na umri wa karibu miaka themanini, na safari yake ya mwisho kuelekea Kusinara, alikofariki, haikuwa mbali.

Mahali pengine, wakiwa bado hai, alikuwa amewaelekeza watawa vijana wawaendee wote wawili, akiwaambia kwamba Sariputta ni kama mama anayezaa, na Moggallana ni kama yule anayempokea mtoto na kumlea.